Safari ya Mlimani: Mpagazi Avae Nini, Ale Nini?

Kuanzia mwezi wa Juni hadi Oktoba watalii huwa wengi katika Mlima Kilimanjaro. Wakati huo vijana wengi hutoka vijijini kwenda Moshi kutafuta kazi ya upagazi. Siku hizi wamo na wasichana. Wengine hutoka mbali, na hawajapata hata mara moja kulala mahali penye baridi kali. Mazungumzo yetu ya mwezi huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wanaowaaga.

Kazi yenyewe ni hii. Mpagazi hubeba hema, vyakula, mitungi ya gesi, meza, viti na mabegi ya wageni. Njia ya Machame, kwa mfano, ina urefu wa kama kilomita 60 kutoka lango la Machame mpaka lango la Mweka. Safari huchukua siku 6 au 7. Wageni hutembea polepole. Wapagazi huwapita njiani ili wafike kambini mapema, wasimike hema na kuchemsha maji. Kilomita 60 si nyingi kwa mtu wa kijijini. Wako wazee wetu waliotembea zaidi ya hapo kwenda mnadani. Lakini njia ya mnadani haipandi juu kama hii.

Lango la Machame liko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Barafu iko zaidi ya meta 4,600. Kilele cha Uhuru kiko meta 5,895. Kila unapopanda meta 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo mtu huondoka langoni akitoka jasho, na baada ya siku chache analala mahali ambapo maji huganda ndani ya ndoo.

Tuanze na nguo. Wako wapagazi waliokufa kwa baridi katika mlima huu. Watu hao kazi yao ilikuwa kubeba nguo za joto za watu wengine.

Nguo ya pamba ni nzuri shambani, lakini mlimani haifai. Pamba hunywa jasho na mvua, kisha haikauki upesi. Nguo mbichi huondoa joto la mwili kidogo kidogo mpaka mtu anaanza kutetemeka. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Ikilowa huwa nzito, na huenda isikauke safari nzima. Tafuta nguo za sufu, au zile za nailoni na poliesta ambazo hukauka upesi. Sufu ina faida moja kubwa: hata ikilowa bado hutia joto.

Usivae koti moja zito tu. Ni bora kuvaa nguo tatu, moja juu ya nyingine. Ya ndani iwe nyepesi na ya kukauka upesi. Ya katikati iwe sweta nene. Ya nje iwe koti la kuzuia mvua na upepo. Unapopanda na mzigo, vua sweta kabla hujaanza kutoka jasho. Ukisimama kupumzika, livae mara moja, hata kama bado unasikia joto. Wageni katika kazi hii hufanya kinyume: hupanda wamevaa kila kitu, wakalowa jasho, na jioni hawana nguo kavu.

Kofia ya sufu na glavu ni lazima. Miwani ya jua ni lazima pia, maana jua la juu ni kali na barafu hulirudisha machoni. Beba na tochi ya kichwani, ili mikono yote miwili iwe huru. Nguo za kulalia zifunge ndani ya kipande cha turubai. Zamani watu walitumia mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Nguo hizo usizivae mchana kwa sababu yoyote. Siku ya mvua utaona maana yake.

Ardhi nayo hunyonya joto la mwili. Mtu mwenye mablanketi mawili akilala chini patupu ataamka amekakamaa. Tandika kwanza godoro jembamba la sponji, ndipo ulale ndani ya mfuko wa kulalia.

Viatu viwe vya kufunika vifundo vya miguu, na visiwe vipya. Kama umenunua vipya, vitembelee nyumbani kwa majuma mawili kwanza, maana lengelenge likitoka siku ya kwanza utachechemea mpaka Mweka. Vaa soksi za sufu, na uwe na jozi nyingine kavu ya kulalia. Tena kata kucha za miguu kabla ya kuondoka. Njia ya kushuka Mweka ni ya mteremko mkali. Vidole hugonga mbele ya kiatu kutwa nzima, na mwenye kucha ndefu huzipoteza.

Vitu hivyi vyote vinagharimu fedha. Katika mitumba ya Moshi utapata makoti na viatu vya mlimani kwa bei nafuu, kama utachagua kwa subira. Liko pia shirika linaloitwa KPAP, lililoanzishwa mjini Moshi mwaka 2003. Shirika hilo huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, na mpagazi huzirudisha akishuka. Usione haya kwenda kuazima. Wapagazi hupenda kuitana wagumu, na kweli ni wagumu, lakini ugumu wenyewe haujapata kumfunika mtu usiku pale Barafu.

Sasa mzigo. Mzigo wa kampuni ambao mpagazi anabeba usizidi kilo 20. Huo ni karibu uzito wa debe moja la mahindi. Mizigo hupimwa langoni. Simama karibu na mizani, usome namba mwenyewe. Hapo ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana! Mtu akikuongezea mfuko baada ya mizani, mkumbushe mbele ya wenzako kwamba mzigo umekwisha kupimwa.

Tuje kwenye chakula. Mpagazi anahitaji kiasi cha kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Tufanye hesabu: unga nusu kilo, karanga robo kilo, dagaa na sukari robo kilo. Kwa siku 7 ni kilo 7. Kwa wapagazi 10 ni kilo 70. Kilo 70 hizo nazo zinahitaji watu wa kuzibeba, na watu hao wanahitaji mshahara. Ndiyo maana tajiri asiye mwaminifu hupunguza chakula cha wapagazi kwanza. Wako wanaopewa mlo mmoja kwa siku. Kabla hujakubali kazi, uliza: tutakula mara ngapi? Tutalala katika hema gani? Mshahara ni kiasi gani, na utalipwa siku gani? Uliza mbele ya wenzako, ili jibu lisikike na watu wengi.

Ugali unafaa sana mlimani. Maharage hayafai, na sababu yake ni hii. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kabla ya kuwa na moto wa kutosha. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Pale Barafu huchemka kwenye digrii 85 hivi. Utayaona yanatokota, lakini maharage yatakaa jikoni usiku kucha na yasiive, huku gesi inakwisha. Dagaa, mboga na unga huiva upesi. Nyama ikatwe vipande vidogo.

Mfukoni weka karanga za kukaanga. Kilo moja ya karanga hutoa nguvu mara moja na nusu kuliko kilo moja ya unga, na huhitaji moto kuzila. Huko juu hamu ya chakula hupungua, kwa hiyo kula kidogo kidogo njiani bila kungoja njaa. Kunywa maji lita 3 au 4 kwa siku, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Katika njia ya Machame maji ya mwisho yako katika bonde liitwalo Karanga. Kutoka hapo mpaka Barafu maji hubebwa na wapagazi wenyewe, na ni kazi nzito. Basi shiba maji pale pale bondeni.

Pombe iache nyumbani. Mnywaji husikia joto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, lakini joto hilo ndilo linalotoka mwilini na kupotea.

Usiwashe jiko ndani ya hema ulilolala, liwe la gesi au la mkaa. Moshi wa sumu wa jiko haunuki wala hauonekani. Watu hulala wakiota moto na hawaamki.

Mwisho tuzungumze juu ya ugonjwa wa mlimani. Juu kileleni hewa ni nyepesi sana, karibu nusu ya ile ya pwani. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, usingizi hupotea. Watu wengi hupatwa na hayo kidogo. Mtu wa namna hiyo asipande zaidi mpaka apate nafuu. Wengine husema kwamba mzaliwa wa Marangu au Machame hapatwi. Si kweli. Kijana mwenye nguvu hupatwa, na aliyepanda mara 20 hupatwa. Mwenye kifua au homa asipande kabisa.

Zipo dalili za hatari. Mgonjwa hupepesuka kama mlevi. Huongea maneno yasiyo na maana. Hushindwa kupumua hata akiwa amekaa, au hukohoa povu. Ukiona hata moja kati ya hizo, usingoje asubuhi. Mwambie kiongozi wa safari mara moja. Mgonjwa ateremshwe usiku huo huo, akiwa na watu wa kumshika, mpaka afike chini sana ya kambi, meta 1,000 kama inawezekana. Wapagazi wengi huficha dalili hizi kwa kuogopa kukosa mshahara. Kwa hiyo mtazame mwenzako unayelala naye hema moja, naye akutazame wewe. Akianza kupepesuka, mzigo wake uachwe hapo hapo kambini. Wenzake watagawana kuushusha kesho yake.