Kwaya ya Wasichana Si Pambo la Mgeni Rasmi

Yapo mazoea yaliyokaa mashuleni kwetu hata yakadhaniwa kuwa ndiyo utamaduni wenyewe. Anapotarajiwa mgeni rasmi, wasichana wa kwaya hutolewa darasani, hukaririshwa wimbo wenye jina la mgeni na cheo chake, husimamishwa juani tangu asubuhi. Na mgeni akishakwenda zake, kwaya husahauliwa mpaka atangazwe mgeni mwingine. Sisi tunasema kwamba hayo si mafunzo ya muziki. Ni upambaji wa uwanja, na vitambaa vya rangi vingetosha kwa kazi hiyo.

Watatujibu wengine kuwa binti anayeimba mbele ya watu huzoea nidhamu na huondokewa na woga. Hatubishi. Lakini tunawauliza walimu wenzetu: msichana aliyeimba tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Nne hutoka na nini? Hutoka na nyimbo nyingi kichwani, asiweze kuandika hata moja. Nota anazo kiongozi wa kwaya, ambaye mara nyingi ni mwanamume; ngoma na kinanda hupewa wavulana, au wapigaji huazimwa kutoka nje; yeye huachiwa mdomo tu. Kanuni hiyo kaiweka nani?

Hawakuiweka wazee wetu. Huko Dodoma, ngoma za muheme hupigwa na wanawake wa Kigogo, na uimbaji wa Wagogo una sauti kadhaa zinazoachana na kukutana, wala haukungoja mwalimu kutoka ng'ambo. (Basi na wale wanaodai kwamba kuimba kwa sauti nyingi ni mambo ya kigeni matupu, wafunge safari ya Dodoma kwanza.)

Wala solfa haikuweka kanuni hiyo. Asili ya nota hizo, ambazo kiongozi wa kwaya huzikunja na kuzitia mfukoni kama hirizi, ni kazi ya mwanamke: Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1835 ili watoto waweze kusoma nyimbo wenyewe. John Curwen aliuchukua baadaye, akaurekebisha na kuueneza, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, ndiye aliyetunga mwaka 1897 lahani tunayoiimbia Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wetu wa Taifa, basi, una asili yake kwa mwalimu wa kwaya ya shule. Nani aliyetuhakikishia kwamba wimbo mwingine wa namna hiyo haumo katika kichwa cha binti wa Kidato cha Pili?

Lipo pia jambo la ufundi ambalo halisemwi. Nyimbo nyingi za kwaya zimepangwa kwa sauti nne, mbili za kike na mbili za kiume. Katika shule ya wasichana watupu, sauti mbili za chini hazina mwenyewe. Hapo ama binti hulazimishwa kuimba besi mpaka koo likwaruze, ama sauti hizo hutupwa, na wimbo ukachechemea. Dawa yake ni nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya sauti za wasichana, na hatuoni nani awezaye kuzitunga vizuri zaidi kuliko wasichana wenyewe, wakifundishwa.

Maneno nayo yawe yao. Siti binti Saad, ambaye yeye na kundi lake walirekodi nyimbo kule Bombay mwaka 1928, hakuishia kuwasifu wakubwa. Aliimba pia juu ya dhuluma na hukumu zisizo za haki, na watu wakamsikiliza.

Kwa hiyo tunadai nota ziandikwe ubaoni, zisikae mfukoni mwa mtu mmoja. Tunadai kila msichana wa kwaya apate zamu ya kusimama mbele na kuwaongoza wenzake, na mashindano yatoe alama kwa wimbo uliotungwa na wanafunzi. Naye mgeni rasmi, siku atakapokuja, akae kivulini pamoja na waimbaji, aimbiwe wimbo walioutunga wenyewe juu ya jambo walilolichagua wenyewe, hata kama jambo hilo ni bweni lisilo na maji.