Anayeuza makuti mabichi anauza nazi zake

Hoteli nyingi za kitalii, kuanzia Diani hadi Bagamoyo na Unguja, bado zinaezeka migahawa na mabanda yao kwa makuti, kwa sababu paa hilo lina ubaridi ambao bati haliwezi kuutoa. Kwa mkulima wa minazi hilo ni soko zuri. Tatizo ni jinsi anavyolihudumia.

Mnazi mrefu wenye afya hutoa takriban kuti moja kila mwezi, na kwapani mwa kila kuti huchipua karara moja la maua. Hayo ndiyo nazi za kesho. Mti wenye makuti 30 ukikatwa mabichi 10 ili kumridhisha fundi mwenye haraka, umepoteza theluthi ya majani yanayoulisha. Hasara haionekani siku ya malipo, kwani nazi huchukua karibu mwaka mzima tangu ua hadi kukomaa. Mkwezi atakaposhuka na nazi chache, italaumiwa mvua.

Ni kosa basi kupatana bei ya kuti bichi kana kwamba ni takataka za shambani.

Kuti lililokauka na kuanguka lenyewe halimgharimu mkulima nazi hata moja. Shamba la minazi 100 huangusha makuti yapatayo 1,200 kwa mwaka bila panga kupanda juu. Huokotwa, hulowekwa yalainike, kisha wasukaji, wengi wao kina mama, huyashona kwenye upau. Hayo ndiyo makuti ya viungo, ya kuezekea. Ya kumba, yanayosukwa kwa nusu ya kuti, yanafaa zaidi kwa ua. Mfanyabiashara anayeyachanganya ataumbuliwa na masika.

Kijijini moshi wa jiko husaidia kufukuza wadudu darini. Mgahawa wa hoteli hauna moshi huo, hivyo paa huchakaa mapema na mnunuzi hurudi. Mteja wa kurudi namna hiyo anastahili mkataba, na wakulima wakishirikiana na wasukaji wanaweza kuuza pau zilizoshonwa tayari, kwa bei ya kazi ya mikono, badala ya kuti ghafi.

Ghala kavu linahitajika, pamoja na miche mipya, maana minazi mingi imezeeka na mingine imeuawa na ugonjwa wa kunyong'onyea. Nayo hoteli inayotaka paa jipya kabla ya watalii wa Juni iagize Januari, na iache malipo ya awali.