KWENU NI WAPI?

Hebu niwaulize. Mtu akizaliwa mahali, akanyonya hapo na kuchezea hapo, kisha aambiwe "rudi kwenu", arudi wapi?

Swali hili lilimpata Wong Kim Ark. Alizaliwa San Francisco, Marekani, wazazi wake wakiwa Wachina wenye duka. Mwaka wa 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na Wachina wasipewe uraia. Wong alikuwa mpishi. Mwaka wa 1895 alitoka kuwatembelea jamaa zake Uchina, na alipofika bandarini maafisa wakamzuia. Ati si Mmarekani! Alifungiwa melini miezi kadhaa, mji aliozaliwa akiutazama kwa macho tu. Jamani!

Hakunyamaza. Alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1898 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji sita kwa wawili, kwamba yeye ni raia kwa kuwa alizaliwa pale.

Wengine watasema basi, haki ilipatikana. Mimi nakataa. Mwaka wa 1901 alikamatwa tena, mara hii Texas, ikabidi athibitishe upya kuwa ni raia. Mwaka wa 1910 mwanawe mkubwa alitoka Uchina kumfuata, lakini maafisa hawakuamini kuwa ni mwanawe, wakamrudisha. Siku hizo, katika kisiwa cha Angel, Wachina waliulizwa maswali ya ajabu: Kwenu kuna ngazi ngapi? Jirani yenu ana watoto wangapi? Hata mimi ngazi za kwetu sijawahi kuzihesabu! Wanawe wadogo waliruhusiwa baadaye. Yeye mwenyewe alisafiri kwenda Uchina mwaka wa 1931 na hakurejea tena. Sheria ile ilifutwa mwaka wa 1943.

Kwa maoni yangu, korti iliweza kumpa Wong karatasi, lakini haikuweza kuwazuia watu kumuuliza kwao ni wapi kila alipoonekana. Na swali hilo huchosha.

Hapa kwetu darasani kuna mwenzetu ambaye babake alitoka nchi jirani. Yeye amezaliwa papa hapa mjini, lakini tunamwita "mgeni". Nami nimewahi kumwita hivyo, nikacheka na wengine. Naye hucheka, lakini kidogo tu. Juzi mvua ilipofunga barabara, ni yeye aliyenionyesha njia ya mkato ya kufika shuleni. Mimi mwenyeji sikuijua.