Maoni: Mtafiti wa minyoo ya udongo anatuachia somo Kivu

Mkulima wa Kabare au Walungu analijua jambo hili. Usiku upepo unapita, asubuhi anakuta mgomba umelala chini pamoja na mkungu ambao haujakomaa. Watu wanasema: ni upepo. Lakini upepo huohuo ulipita kwa jirani, na migomba yake imesimama. Ukipasua mizizi ya mgomba ulioanguka, mara nyingi utaikuta imekuwa myeusi na imeoza. Aliyeitafuna ni mnyoo mdogo sana asiyeonekana kwa macho. Wataalamu wanamwita nematodi.

Nematodi si wa aina moja. Kuna wanaokula mizizi ya ndizi, kuna wanaoivimbisha mizizi ya nyanya ikajaa vinundu. Lakini wengi hawagusi mimea yetu. Wanakula bakteria na kuvu, na kwa njia hiyo wanairudishia ardhi chakula cha mimea. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba kati ya kila wanyama watano wa nchi kavu, wanne ni nematodi wa udongo.

Mmoja wa watu waliotumia maisha yao kuwachunguza ni Diana Wall, mwanamke Mmarekani aliyefariki Machi 2024. Alisomea magonjwa ya mimea, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 1971. Kuanzia 1989 akaenda kuwatafuta nematodi Antaktika, katika mabonde makavu ya McMurdo, penye baridi na ukame mkali. Wengi waliamini udongo wa huko umekufa. Yeye aliwakuta humo, aina chache lakini hai. Maji yakikosekana wanajikunja na kukauka, yakirudi, wanaamka.

Kwangu mimi, jambo kubwa si kwamba alifika huko. Ni kwamba alirudi, zaidi ya misimu 20, katika mabonde yaleyale. Tangu 1993 yeye na wenzake walikuwa wakipima kila mwaka. Joto la msimu wa 2001–2002 lilipoyeyusha barafu nyingi, tayari walikuwa na hesabu za miaka ya nyuma. Ndiyo maana waliweza kuona mnyoo anayezoea ukavu akipungua na anayependa unyevu akiongezeka. Mtu aliyefika mwaka huo tu asingejua kama kuna kilichobadilika. Mwaka 2013 kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Tyler, na bonde moja la huko linaitwa Wall Valley kwa heshima yake.

Sasa turudi kwetu. Hatuanzi na mikono mitupu. Tuna kituo cha INERA cha Mulungu, tuna Lwiro, vyote tangu wakati wa ukoloni, na tuna vijana wanaosomea kilimo. Kinachotukosa ni kurudi mahali palepale. Mradi unakuja miaka miwili au mitatu, magari yanapita, ripoti inaandikwa, halafu kimya. Mwingine ukija, unaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Najua kuna atakayesema: watu wanakimbia vita, wewe unatuambia tuhesabu minyoo? Namjibu kwamba aliyekimbia akarudi, kitu cha kwanza anachokishika ni jembe. Na elimu ya wadudu hawa si ya vitabuni tu. Kwa mfano, kabla ya kupanda chipukizi la ndizi, kata mizizi yote, menya sehemu ya nje mpaka ibaki nyeupe, kisha lizamishe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Minyoo mingi inakufa, na haikugharimu zaidi ya kuni na sufuria. Njia hii haiponyi ule ugonjwa wa kunyauka unaotoa usaha wa manjano. Chipukizi la shina lenye ugonjwa huo lisipandwe kabisa. Lakini ni wakulima wangapi wamefikishiwa habari hii?

Ninachoomba si kikubwa. Serikali na wafadhili wachague mashamba machache, Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, yapimwe kila msimu kwa miaka 20 bila kukatizwa na mwisho wa mradi. Mtafiti alipwe mshahara wake, apewe mikroskopi na mafuta ya pikipiki. Matokeo yarudi kijijini, kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kinande, yasibaki katika ripoti za Kifaransa.

Wakubwa wetu wanafuatilia bei ya koltani kila siku. Siku madini yatakapokwisha, tutabaki na udongo huu wa juu. Ni vizuri tuanze kuujua sasa, kabla migomba haijalala yote.