Je, Tindikali ya Bahari Yatuhusu Sisi wa Ziwani?



Juma lililopita, baada ya somo la kemia, mwenzangu mmoja aliuliza: "Sisi watu wa Gasenyi twala ndagala na mukeke wa Tanganyika. Tindikali ya bahari ya chumvi yatuhusu nini?" Wengi walicheka. Mimi naona swali lake ni zuri, ila jibu alilolitaka silo.

Ni kweli maji ya ziwa letu si ya tindikali. pH yake ni karibu 9. Lakini bahari hunywa karibu robo ya hewa ya ukaa itokayo katika magari na viwanda vya dunia, na pH ya maji yake ya juu imeshuka toka 8.2 hadi 8.1. Mtu asidhani ni kidogo: kwa jinsi kipimo hicho kinavyohesabiwa, tindikali imezidi kwa karibu 30 kwa mia. Tena madhara hayangoji wastani wa mwaka. Siku chache mbaya zatosha. Huko Oregon, Marekani, mwaka 2007, upepo uliinua maji ya kilindini yenye ukaa mwingi, na chaza wachanga wakafa kwa wingi vitaluni kabla hawajajenga magamba yao. Apimaye mara moja kwa mwezi angaliweza kuzikosa siku hizo kabisa.

Nasi je? Hewa ile ile huongeza joto. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na upepo wa kiangazi ndio unaopandisha toka chini mbolea ya mimea midogo, mwanzo wa chakula cha ndagala. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu kama mafuta, na upepo hushindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 wataalamu waliandika kwamba mimea hiyo imepungua kwa yapata 20 kwa mia.

Basi sikubaliani na wanaomlaumu mvuvi peke yake. Nyavu za matundu madogo ni kosa, wala sizitetei. Lakini Tanzania ilipofunga uvuvi wa ziwa hili toka 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilizuia nyavu, haikuzuia joto.

Nashauri chama chetu cha sayansi kianze daftari la ziwa: joto la maji, kila siku, saa moja asubuhi, mahali pale pale, hata wakati wa likizo. Karatasi zetu za pH hazionyeshi tofauti ya 0.1, kwa hiyo hizo zingoje. Ndugu zetu mliomaliza shule na mnaokaa karibu na ufuko, tusaidieni zamu za likizo. Kipimajoto tunacho maabara. Kinachopungua ni kamba ndefu na majina ya watu wa zamu.