Filamu ya Januari Yetu

Hapa Moiben, msimu wa kuvuna ngano unapowadia, mazungumzo huwa ya bei ya gunia na uhaba wa mashine. Januari 2008 haitajwi. Hata katika chumba cha walimu, anayethubutu kuigusia hutazamwa kana kwamba ametukana. Mimi pia nimenyamaza mara nyingi mno, na leo naomba kulizungumza jambo hilo kwa kupitia kazi ya mwelekezi wa filamu wa Kijerumani.

Tom Tykwer alizaliwa mjini Wuppertal mwaka wa 1965. Ulimwengu ulimtambua mwaka wa 1998 kwa Lola rennt, kisa cha msichana mwenye dakika 20 tu za kutafuta maki 100,000 ili mpenziwe asiuawe. Mwaka wa 2006 akatoa Perfume, inayohusu muuaji wa wasichana. Tangu 2017, yeye na wenzake wameionyesha katika Babylon Berlin jamii ya mwaka wa 1929 iliyojaa ufukara, ufisadi na chuki, isiyojua bado kwamba inamwendea Hitler. Ni mtu asiyeona haya kuyafukua maovu ya kwao.

Waama, hayo yangebaki kuwa mambo ya Ulaya lau yeye na Marie Steinmann hawangeanzisha kampuni ya One Fine Day Films, iliyoshirikiana na Wakenya kutoa mafunzo na kutengeneza filamu humu nchini. Soul Boy ya Hawa Essuman ilipigwa Kibera, ikatoka 2010. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ikafuata 2012. Ninachomsifia Tykwer ni kwamba hakukikalia kiti cha mwelekezi. Alikiacha kwa wenyeji.

Ndipo mwaka wa 2013 Judy Kibinge akatupa Something Necessary. Anne, muuguzi, amempoteza mumewe katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Mwanawe ni mgonjwa taabani na shamba lao ni magofu. Joseph, kijana aliyekuwa miongoni mwa genge la washambulizi, anavutwa na mama huyo na shamba lake, akitafuta namna ya kujikomboa na aliyoyatenda.

Wasomi wenzangu, nani asiyewajua hao wawili? Kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, liliteketezwa Januari 1, 2008, na makumi ya watu wakaangamia, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Wanafunzi wetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Wanayoyajua wameyasikia jikoni: nyumba moja husimulia moto, nyingine husimulia ardhi, na kila moja huishia katikati. Kisha vijana hao huketi dawati moja.

Nimeambiwa kwamba filamu hiyo itaamsha hisia. Naam, lakini hisia hazijalala. Kila uchaguzi hutuonyesha hivyo, kwa majirani wanaofungasha virago mapema. Wengine husema ni fedha za Wazungu. Hilo linaniuma mimi pia, kwa kuwa ni aibu tuliposhindwa kugharamia kilio chetu wenyewe. Hata hivyo, machozi ya Anne hayakuandikwa Berlin.

Kila mwaka tunawaandaa wanafunzi kwa tamasha za drama na filamu, nao huigiza dawa za kulevya na utunzaji wa misitu. Ni mada njema, na salama pia. Naomba Ijumaa moja alasiri, projekta moja, mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili wakae pamoja na kidato cha nne, waitazame hadi mwisho. Swali la kwanza nalijua tayari: Joseph ni wa kabila gani? Ningependa kuwapo mwalimu atakapolijibu.