Kibao cha Shingoni Hakifundishi Kiingereza



Mabibi harusi mnaohamia Dar kuwafuata waume, na nyie mnaopeleka watoto kusoma huko, leo nina neno. Najua mkijaaliwa mtoto mazungumzo ya mwanzo ni "tumpeleke skuli ya Kiingereza." Sawa. Mimi mwenyewe nasomesha Kiingereza sekondari, skuli ya binafsi yenye watoto wa dakhalia na wa kutwa, si mbali na Kariakoo, na ndicho kinachoniweka mjini. Sikipingi. Ninachokipinga ni kibao.

Hamkijui? Mtoto akisikika anasema Kiswahili anavishwa kibao shingoni, atembee nacho mpaka amkamate mwenziwe amrithishe. Nimekiona skuli niliyosomesha kabla ya hii, na wazee walikuwa wakilipia. Mtoto pale anajifunza kunyamaza na kuchongea. Kiingereza hakuna.

Wa kutwa ana nafuu, jioni anarudi kwa mama yake. Wa dakhalia je? Msichana wa miaka 12 kapata hedhi ya mwanzo usiku, na matroni anataka Kiingereza tu. Hayo maneno anayo? Nani atamwambia aache sala lini, ajitwaharishe vipi, saumu zipi atalipa? Nimekutana na mabinti waliokaa na jambo hilo siku kadhaa kwa kuogopa kibao. Hapo shoga zangu tumeshatoka kwenye lugha, tumeingia kwenye dini ya mtoto.

Watetezi watakwambia Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze lugha ya Mayahudi. Kweli, na akaijua kwa muda mfupi. Nani alimkataza Kiarabu chake? Na Sura Ar-Rum, aya ya 22, inazihesabu tofauti za ndimi zetu katika ishara za Mwenyezi Mungu. Ishara ya Mola tunamtundikia mtoto shingoni kama kosa!

Tena Kiswahili hicho hicho ni somo la lazima kwenye mtihani wa kidato cha nne. UNESCO wamekipa siku yake, 7 Julai. Sera ya elimu ya 2014 ikaruhusu lugha zote mbili kufundishia. Na hiyo Kariakoo, jina lake si limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza? Watu wa mjini walilitafuna wakalifanya lao bila kuvishwa kitu. Waangalieni wanawake wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai na Guangzhou: wanakosea, wanacheka, wanapunguziwa bei.

Kiingereza kinataka mwalimu anayekijua, vitabu vya hadithi, na insha inayorudi imesahihishwa. Vyote hivyo ni gharama. Kibao ni kipande cha ubao na kamba, ndiyo maana wenye skuli wanakipenda.

Basi kabla hujalipa ada, omba kuonana na mwalimu wa Kiingereza mwenyewe, asiwe mhasibu. Ingia maktaba uone kama vitabu vina alama za vidole au vumbi. Halafu uliza: mwanangu akiumwa tumbo saa nane ya usiku, atamwambia nani, na kwa lugha gani? Wakianza kukueleza kuhusu nidhamu, chukua mkoba wako. Skuli Dar ziko nyingi.